Kuku wa Madoadoa

Mwaka wa sabini na nne, pale Ushirombo, aliyevunjika mfupa alipelekwa kwa Mama Generoza. Dawa yake ilikuwa mmea utambaao wenye pingili, ambao aliuponda na kuukamua maji. Kila alipomfunga mgonjwa vijiti, alimvunja kuku mguu na kumfunga vilevile, kwa dawa ileile. Kuku akikanyaga vizuri, mgonjwa anafunguliwa. Kwa miaka ishirini kuku hawakuwahi kumdanganya.

Onesmo, mchimba dhahabu aliyeangukiwa na kifusi, alikuwa na siku kumi na nane tu tangu afungwe vijiti Generoza alipomkuta kuku wa madoadoa akitembea uani bila kuchechemea, vijiti mguuni. Mapema mno, aliwaza. Lakini kuku ndiye kuku. Akamfungua mgonjwa. Onesmo akasimama, mguu ukapinda, akapiga ukelele uliowatoa majirani majumbani.

Generoza alimkamata kuku, akang'oa vijiti, akaupapasa mguu. Haukuwa na uvimbe wala kovu.

"Anisia! Kuku wangu yuko wapi?"

Anisia, mke wa Onesmo aliyekuwa akimuuguza hapo, alipiga magoti. "Nisamehe, Mama. Mbwa alimuua juzi. Niliogopa watu watasema mume wangu, Baba Januari, naye atakufa. Nikanunua anayefanana naye, nikamfunga vijiti."

"Na yule aliyekufa?"

Anisia aligeuza macho kuelekea jikoni. Generoza akalikumbuka bakuli la mchuzi aliloletewa na Anisia juzi jioni kwa shukrani: kifua, mabawa, shingo. Miguu haikuwemo.