Hodi Kwenye Pango la Zimwi

Kipkemoi anasoma mita za maji. Amezisoma hapa Nakuru tangu mji haujawa jiji, na hicho cheo kipya hakikumwongezea kitu ila mageti. Kila geti limeandikwa Mbwa Kali, hata pale ambapo mbwa alikufa zamani na kibao ndicho kimebaki kazini. Mtu mwenye akili zake hapo anapiga hodi. Mwenzake mmoja hakupiga, akamkuta mama wa watu anaoga nyuma ya nyumba, na siku hizi anasoma mita huko Ndabibi, mashambani, mbali na mji. Kipkemoi yeye hupiga hodi hata kwenye choo chake mwenyewe, na anaishi peke yake.

Hakuwa peke yake siku zote. Mkewe, Jepleting, aliinama jikoni kuchota unga, hakuinuka tena. Hakuwa mgonjwa. Kipkemoi alikuwa mtaa wa Kiamunyi, amechuchumaa mbele ya mita ya mtu. Waliokuja matangani walimwambia kifo hakibishi hodi, wakidhani wanamfariji. Yeye aliona tu kwamba hiyo ni tabia mbaya. Kisha watu wakarudi makwao, na mlango wake haukugongwa tena.

Mchezo wa dadu aliuingia kupitia kazi. Kuna binti anaitwa Najwa, ana duka la fotokopi mjini, na mita iko chumba cha nyuma. Kipkemoi akapiga hodi Jumamosi moja alasiri, sauti ya kike ikasema karibu, akaingia na kukuta watu watatu mezani wanarusha dadu. Aliyekaribisha alikuwa Zeddy, muuguzi. Wa tatu ni Bashir, fundi simu wa mlango wa pili. Kipkemoi akavutiwa kiti, akapewa chai. Mita alikuja kuikumbuka jioni.

Mchezo wenyewe ni hadithi. Najwa ndiye msimulizi: anawaambia mko msituni, mbele yenu kuna hiki na kile. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, anasema mtu wake anafanya nini, na dadu inaamua kama kafaulu au kaumia. Zeddy ana mpiga mishale. Bashir ana mchawi. Kipkemoi alipewa shujaa mwenye shoka, akampa jina la Chuma. Na kuna sheria moja ya kuvizia, ambayo ndiyo iliyoleta maneno. Ukimshtukiza adui, anapoteza zamu yake ya kwanza: unampiga bure, yeye anashangaa tu. Lakini akikusikia unakuja, mnaanza sawa.

Sasa Chuma, kila akifika mlangoni, anapiga hodi.

Alipiga hodi kwenye kambi ya wezi. Alipiga hodi kwenye kaburi la mfalme, na mfalme akaitika, ole wao. Na kila wakianza vita sawa, anayepigwa kwanza ni mchawi wa Bashir, kwa sababu wenzake wana ngao na yeye ana kanzu. Bashir alikuwa ameshazika wachawi watatu.

"Mzee, hao ni majambazi," Bashir alimwambia. "Jambazi anapigiwa hodi?"

"Wako kwao," Kipkemoi akajibu.

Hilo lilimkera Bashir kuliko kifo cha mchawi. Wiki iliyofuata, kabla chai haijamiminwa, alilitoa la moyoni. "Mzee, nakuheshimu kama babangu. Lakini ukipiga hodi tena, ama utoke wewe kwa hii meza ama nitoke mimi."

Najwa alimtazama Zeddy. Zeddy aliikagua dadu kana kwamba ina homa. Hakuna aliyesema, hapana, mzee anabaki. Kipkemoi akaelewa. Kiti kile alikitaka. Jumapili ana kanisa, siku nyingine ana mita, na mita haikuulizi umelalaje. Aliwapenda watu hawa, hata huyu Bashir na mdomo wake.

Siku hiyo walikuwa wakimtafuta Mama Mfinyanzi, mwanamke aliyewapa uji mwanzo wa hadithi, kabla zimwi halijamteka. Wakafika pangoni.

"Kuna mlango wa miti," Najwa akasema. "Ndani ni giza. Kuna kitu kinapumua."

Wote wakamgeukia Kipkemoi.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," akasema polepole.

"Hili halitujui," Bashir akasema.

"Ndiyo maana nilitaka nijitambulishe."

"Mzee."

Kipkemoi akaimeza hodi yake. Ilishuka kwa shida, kama ugali mkavu. "Chuma anaingia kimya," akasema. "Anapiga shoka pale panapopumua."

Dadu ikaangukia namba kubwa kuliko zote. Haikuwahi kumfanyia hivyo. Bashir akapiga meza kwa furaha, akamshika mzee bega. Najwa hakufurahi.

"Ameshtukizwa. Hana zamu," akasema. "Amekufa."

"Zimwi kwisha," Bashir akasema.

"Zimwi limeenda kuwinda. Huyo alikuwa Mama Mfinyanzi. Alifungwa kamba hapo nyuma ya mlango."

"Tungejuaje?" Zeddy akauliza.

"Mngepiga hodi angeitika."

Kipkemoi aliiweka dadu chini. "Alisema neno lolote?"

"Hakupata nafasi, mzee."

Akachukua koti lake, akaaga kila mtu kwa jina, Bashir pia. Alijua vizuri kabisa kwamba hakuna mtu aliyekufa pale, ni maneno na dadu. Hata hivyo roho ilimuuma njia nzima, na alijichukia.

Jumamosi iliyofuata hakwenda. Alifua nguo, akamaliza, akaanza kufua zilizokuwa safi. Aliporudi ndani kutafuta sabuni nyingine, akasikia sauti nje ya mlango.

"Hodi."

Aliijua.

"Hodi hapa."

Mlango ulikuwa umerudishwa tu, ungesukumwa kwa kidole. Haukusukumwa. Chini yake viatu vilionekana, vimetulia.

"Hodi, mzee."

"Nani?"

"Bashir."

"Uko na nani?"

"Najwa na Zeddy. Wako getini, wamesema nitangulie mimi."

"Mna silaha?"

"Tuna mahamri. Na dadu." Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mzee, si wewe uliyemuua. Mimi ndiye niliyekukataza. Nimekuja kukuomba msamaha."

Kipkemoi alisimama katikati ya chumba, sabuni mkononi. Alikuwa amepiga hodi kwa mji mzima, na neno la kuitikia hakuwa amelitumia humu ndani tangu matanga ya Jepleting.

"Karibuni," akasema. Ilibidi aseme mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza halikutoka.