Diski ya Haraka Niliyoichagua Mimi

Nilichagua vibaya. Naanza na hilo, kwa sababu watu wa kwetu wakinisikia nikisimulia jambo hili huwa wanangojea nimlaumu kijana wa kuuza dukani, na yeye hana makosa.

Kompyuta ni ya mjukuu wangu, msichana wa miaka ishirini na tatu, mtoto wa binti yangu wa pili. Mamake alipofariki tulibaki wawili katika boma letu hapa Shinyalu. Yeye anachukua video za harusi na matanga, anazikata, anaziunganisha, anaweka nyimbo. Zile za matanga, watu wakiziangalia wanalia upya kama vile mwili bado uko uani. Mimi niliacha shule darasa la tatu, kwa hivyo ujue najivunia. Kanisani nikiulizwa habari za nyumbani, nasema za mjukuu kwanza, za ng'ombe baadaye.

Ndani ya kompyuta hiyo ndimo ilimokuwa sauti ya binti yangu. Mwaka mmoja kabla hajafa, aliketi kwenye mlango wa jikoni akipepeta maharagwe, na mtoto wake akamrekodi kwa simu bila yeye kujua. Anafukuza kuku. Anamsema jirani kidogo, maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu. Anacheka. Halafu ananiita, "Mama, kuja uone." Dakika tatu hivi, labda nne. Simu ile iliibwa sokoni baadaye, lakini sauti ilikuwa imeshahamia kwenye kompyuta, na haikuwa mahali pengine popote. Picha zake tunazo nyingi ukutani. Picha hainiiti.

Tulikuwa tunaisikilizanga Jumapili tukitoka kanisani, kabla sijavua kitambaa kichwani.

Kisha kompyuta ikaanza kuugua. Ukiiwasha unaweza kwenda kukamua ng'ombe na kurudi, bado inazungusha kile kiduara chake. Ndani kukawa na mlio, tk, tk, kama kuku akidonoa bati. Mjukuu akanieleza kwamba diski ya ndani ni ya zile za kizamani, zenye sahani inayozunguka, na sasa imechoka. Alijaribu kuihamisha sauti kwa flashi, ikafika katikati ikaganda, akaogopa kurudia. Ubaya ni kwamba kompyuta yenyewe inaamkia humo humo kwenye diski mbovu, kwa hivyo kila ukiiwasha unamtwisha mgonjwa gunia. Dawa ni kununua diski mpya, za siku hizi ambazo hazizunguki, kompyuta iamkie huko, kisha ile ya zamani ichomekwe kwa nje na waya na sauti itolewe polepole. Akaizima. Akaniomba isiwashwe tena mpaka tuwe na mpya.

Nikamwambia tutaenda pamoja, na nitanunua mimi. Sauti ni ya mtoto wangu.

Jumamosi tukashuka Kakamega mjini. Nilitoka shambani moja kwa moja, nimevaa viatu vya plastiki, na tope la shamba la chai halikuwa limekauka. Duka lilikuwa la vioo kila mahali. Kijana wa kuuza akaweka diski mbili juu ya meza. Moja ilikuwa bapa, pana kama kiganja cha mtoto. Nyingine ilikuwa kijiti chembamba tu, kama kipande cha chingamu, na vitu vyake viko wazi havijafunikwa. Akasema zote ni nzuri, lakini kile kijiti kinapita ile pana kwa mbio mara nyingi sana, huwezi hata kulinganisha. Mjukuu akasema kompyuta yetu ni ya zamani, itatufaa hii pana.

Yule kijana akaniangalia. Akaanzia viatuni akapanda juu.

"Kukhu, wewe chukua tu hii ya kawaida," akasema, akiniita nyanya kwa lugha ya kwetu. "Hiyo ya mbio ni ya vijana wa gemu."

Neno kawaida ndilo lililonichoma. Nilipoolewa nilipewa jembe la kawaida, lile lililoachwa na marehemu mama mkwe, mpini umepasuka. Hospitalini mtoto wangu alipewa kitanda cha kawaida, karibu na choo. Maisha yangu yote mtu akiniona tu, mkono wake unaenda kwenye kile cha chini. Nikamuuliza, "Wewe unauzia kompyuta ama unauzia viatu vyangu?"

Waliokuwa dukani wakacheka, naye akacheka, akasema kukhu amewasha moto leo. Nikanyoosha kidole kwenye kijiti. Mjukuu akanigusa kiwiko, akasema polepole kwamba hii pana ndiyo itaingia. Nikamwambia anyamaze, najua ninachokifanya, kama ni kutoa sauti ya mamake itatolewa na iliyo bora kuliko zote. Kijana akauliza kompyuta yenu ni ya aina gani. Nikamjibu mimi, kabla mjukuu hajafungua mdomo, kwamba ni nzuri.

Mjukuu akatazama sakafu.

Hapo lazima niseme ukweli. Nimemlea hivyo. Katika boma langu mtoto hamsahihishi mkubwa mbele ya watu wa nje. Akiwa mdogo aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba nimekosea hesabu ya viti, nikamchapa, na tangu siku hiyo hajanijibu mbele ya mgeni. Nilikuwa nawaambia wanawake wenzangu, muone adabu ya huyu. Siku hiyo dukani adabu ilisimama pale kando yangu imeinamisha kichwa, na mimi nikapasua pakiti kwa meno ili nikione vizuri kile nilichonunua.

Nyumbani akaigeuza kompyuta, akafungua skrubu, akanionyesha. Mahali pa diski palikuwa papana kama kitanda, na kijiti hakikuwa na pa kuchomeka hata kidogo. Alinionyesha tu na taa ya simu, kisha akarudisha diski ya zamani mahali pake na kufunga. Duka lingefunguliwa Jumatatu.

Jumapili nilitoka kanisani na uchungu. Mahubiri sikuyasikia. Nikaketi mahali petu pa kusikilizia na kusema nataka kumsikia binti yangu mara moja tu. Mjukuu akasema kukhu, tungoje kesho. Nikasema mara moja. Akasema diski itaumia. Nikamuuliza kama sasa nitaomba ruhusa kumsikia mtoto niliyemzaa mwenyewe. Akaiwasha.

Ilichukua muda mrefu kuamka. Mlio ule ulikuwa mkubwa kuliko siku zote. Sauti ikaanza, kuku akafukuzwa, jirani akasemwa, na kabla ya kicheko ikakwama kwenye neno moja, ikalirudia, ikalirudia, kisha kioo kikawa cheusi. Tukakaa. Maharagwe yalikuwa motoni, tukayanusa yakiungua, na hakuna aliyeinuka.

Jumatatu yule kijana alikipokea kijiti chake, pakiti ikiwa na alama za meno yangu, akatubadilishia kwa ile pana bila kelele. Ningependa angenicheka. Nyumbani mjukuu akaitia, akaiwekea programu za kuiwashia, na kompyuta ikaamka kabla sijamaliza kuketi. Haraka ya ajabu. Hiyo iliyoitwa ya kawaida. Akachomeka diski ya zamani kwa waya, ikagonga mara tatu, ikanyamaza. Tukaipeleka mjini, fundi mmoja akaiweka sikioni, akasema kichwa kinachosoma kimekwaruza sahani. Akasema Nairobi wako watu wa kujaribu, lakini kwa mlio ule hataki kutudanganya. Aliniambia taratibu, kama daktari.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza kwa nini hakunikataza.

"Ulinifundisha nisikujibu mbele ya watu."

"Na Jumapili? Jumapili hapakuwa na mtu."

Alichukua sufuria iliyoungua akaanza kuisugua. "Hata mimi nilitaka kumsikia," akasema.

Sasa kazi yake inaenda mbio. Video iliyokuwa inamaliza siku nzima anaimaliza kabla ya chakula cha mchana, na wateja wanakuja hata kutoka Malinya. Nafurahi kwa ajili yake, na nikipita mlangoni mwake sitazami ndani.

Jumapili bado tunaketi. Tunajaribu kuyasema yale maneno wenyewe, mimi kipande, yeye kipande. Hatuelewani. Mimi nasema alicheka kwanza ndipo akaniita. Yeye anasema aliniita kwanza, na kicheko kilikuwa cha mwisho. Juzi tulibishana mpaka akainuka akaenda kukata majani ya ng'ombe. Tulimsikia Jumapili ngapi, wanawake wawili wenye masikio mazima, na hakuna wa kutuamua.