Viti vya Nasrine

Jumanne moja, mbele ya mkutano wa wananchi wa mudugudu mmoja, yaani mtaa mdogo, wa Mbugangari, mpakani na Goma, afisa aliyetumwa na ngazi za juu alitangaza rasmi kwamba wadaiwa ni watu wachache na wanajulikana. Kwamba hukumu za mahakama zitatekelezwa juu yao, na juu yao peke yao. Na kwamba raia mwema hana sababu yoyote ya kumwogopa muhesha. Wananchi walipiga makofi. Afisa alirudi kuketi kwenye kiti cha plastiki cha buluu. Nyuma ya kiti hicho, kwa rangi nyeupe na mkono usiotulia, paliandikwa NASRINE.

Muhesha, kwa wale ambao hawajawahi kutembelewa naye, ni mtu mwenye kibali cha kutekeleza hukumu. Ukishindwa kesi ya deni na hulipi, anafika kwako na karatasi, anaandika vyombo vyako, anavipakia, anaviuza. Ujira wake na mafuta ya gari lake vinaongezwa juu ya deni, kwa hiyo huyu ni mgeni ambaye mwenyeji humlipia nauli ya kuja na ya kuondoka.

Nasrine alikuwa miongoni mwa hao wachache wanaojulikana, isipokuwa kwamba hakuna aliyejua. Ni fundi cherehani. Anashona sare za shule na magauni ya harusi katika chumba kinachotazama barabara, na nyuma ya chumba hicho anaishi yeye na binti zake wawili. Babu yake aliuza vitambaa mjini hapa na kusifiwa kwa uaminifu, na urithi aliouacha ni hizo sifa. Mumewe, Bizumuremyi, alichukua mkopo kwenye koperative moja ili auze mitumba ng'ambo ya mpaka, na Nasrine akatia saini kuwa mdhamini, kwa sababu mume akisema saini, mtu hasomi, anasaini. Mpaka ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena, na biashara ikafia katikati. Bizumuremyi akavuka kwenda Goma kuwatafuta waliobaki na pesa yake. Mwanzoni alituma salamu. Kisha hata salamu zikakatika. Saini ya mkewe haikuvuka naye.

Majirani waliambiwa kwamba baba yuko kazini. Mahakamani Nasrine alikwenda peke yake, amevaa kama anayekwenda sokoni, na kikapu mkononi.

Sasa vile viti. Mudugudu una kundi lenye jina refu la heshima lililosajiliwa kichwani mwa kila mtu wala si pengine popote. Watu huliita kundi la viti. Kila nyumba ilichanga. Wakanunua viti sitini na sufuria mbili ambazo mtoto anaweza kuogea ndani. Kwenye matanga hutolewa bure. Kwenye harusi za watu wa nje hukodishwa, na anayevitunza hupata fungu lake. Mtunzaji alikuwa Nasrine, na fungu hilo ndilo lililokuwa linamweka binti yake mkubwa, Akaliza, kwenye shule ya bweni kule Nyundo. Ama jina lililo nyuma ya kila kiti, hilo ni anwani tu. Baada ya mazishi watu wamechoka, viti vinabebwa na asiyehusika, na kiti kisicho na jina huhamia nyumba nyingine kimyakimya na kuzeekea huko. Mbugangari nzima inalijua jambo hili, kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuona haja ya kuliandika.

Muhesha aliyekuja aliitwa Rugwiro, na hakuwa mtu wa Mbugangari. Alikulia Karagwe, Tanzania, na alirudi na Kiswahili kilichonyooka kama suruali iliyopigwa pasi, hata kukamatiwa mali naye kulikuwa na ladha ya hotuba ya harusi. Alifuatana na Drocella, mkuu wa mudugudu, ambaye kwa kanuni alipaswa kuwapo na kutia saini kwamba alikuwapo.

Rugwiro aliomba radhi, akakamata televisheni. Akaomba radhi, akakamata kabati la vyombo. Cherehani aliiacha, kwa maelezo kwamba sheria haimnyang'anyi mtu chombo chake cha kazi, na Nasrine akavuta pumzi. Halafu Rugwiro akafungua mlango wa stoo.

“Hivi viti si yangu, Maître,” Nasrine akasema, akimwita kwa Kifaransa kama watu wa sheria wanavyoitwa. “Ni ya watu.”

“Mama, hapa pameandikwa jina la nani?”

“Yangu. Waliandika juu virudi kwangu matanga ikiisha.”

Rugwiro hakukasirika. Alisimama akiwa na kalamu yake, akaeleza kama mtu anayesimulia ugonjwa wake wa siku nyingi. “Juzi nilikuta friji. Bwana akasema ni ya mchungaji. Mchungaji akasema ni ya kanisa. Wiki iliyopita pikipiki ilikuwa ya shemeji, na kochi lilikuwa la marehemu. Mimi mama, tangu nianze kazi hii, namtafuta mtu mmoja tu mwenye kitu chake mwenyewe. Leo nimeona jina lake, na yeye anakataa.”

Nasrine alimgeukia Drocella, ambaye kila Jumanne huvikalia viti hivyo. Drocella akasema kweli, viti ni vya kundi. Rugwiro akamwuliza kama yuko tayari kuliandika hilo na kulipigia muhuri. Drocella akafikiri, akasema ataomba mwongozo wa sekta, ofisi iliyo juu yake. Viti vikapakiwa, na zile sufuria mbili.

Kwa siku kadhaa Nasrine alishona huku mlango wa stoo umefungwa kwa kufuli, stoo iliyo tupu. Hakumwomba Mungu pesa. Aliomba watu wasife.

Akafa mama wa jirani aitwaye Mukandori, bibi kizee ambaye alikuwa ameugua muda mrefu na angeweza, kwa maoni ya Nasrine, kusubiri kidogo. Asubuhi yake akafika mzee Sibomana, mweka hazina wa kundi, na vijana wenye mkokoteni. Nasrine akasema viti viko Nyamyumba kwenye harusi. Sibomana akauliza ni harusi ya nani. Ni hapo Nasrine alipogundua kwamba katika mji huu harusi ya uongo inahitaji bibi harusi, bwana harusi, na jina la mpishi, na yeye hakuwa na hata mmoja wao.

“Baba Sibomana,” akasema, “harusi haiko. Muhesha alibeba viti juu ya deni yangu.”

“Yote?”

“Yote. Na sufuria.”

Mzee akautazama mkokoteni kana kwamba ndio uliosema. “Bon,” akasema. “Donc, basi, tutakaa wapi?”

Walikaa juu ya matofali na kreti za bia, na wengi hawakukaa kabisa. Nasrine alikuja mapema, akaosha vyombo uani ili asikae na watu, lakini uani ndiko maneno hufika kwanza. Kuna waliosema ameviuza. Kuna waliosema alivila kidogo kidogo na Bizumuremyi, jambo ambalo kwa plastiki si rahisi. Mukandori mwenyewe alikuja kunawa mikono, hakumtazama, akasema: “Mama yangu anazikwa, watu wanasimama kama wako ku gare, wanangoja basi.”

Nasrine alikausha mikono. Akaingia mbele ya watu wote, kabla ya sala ya mwisho, akawaambia alichomwambia mzee, na zaidi: mkopo, saini, mume, mahakama. Hakulia. Aliwaambia kwamba ikiwa viti havitarudi atawashonea watu nguo mpaka viti vitimie. Kisha akarudi kwenye vyombo. Baadaye mtu akaja kumsaidia kuosha. Alikuwa Mukandori. Nasrine aliosha, yeye akasuuza.

Siku iliyofuata mazishi, matanga yakiwa bado hayajavunjwa, Sibomana aliwaongoza waombolezaji hadi ofisi ya Rugwiro. Nia yao ilikuwa kuzungumza naye tu. Mlinzi akawaambia wasubiri. Palikuwa na benchi la watu wawili, na waombolezaji walikuwa wamejaza barabara. Lakini uani, chini ya turubai, kulikuwa na viti.

Hakuna aliyetoa amri. Waliviteremsha, wakavipanga kama wanavyovipanga siku zote: safu za wanaume huku, safu za wanawake huku, na mbele kabisa nafasi ya wafiwa. Mukandori akaketishwa hapo. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, na Waislamu wakainamisha vichwa kwa adabu wakingoja uishe. Nasrine alibaki amesimama karibu na lango, mpaka Sibomana alipompigia ishara kwa kidole: kaa.

Rugwiro alitoka ofisini na faili kwapani. Alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, na malezi hufika kabla ya sheria. Akaliweka faili chini, akampa Mukandori mkono wa pole, akaendelea na safu nzima ya mbele, mkono kwa mkono, hadi mwisho. Alipofika mwisho ndipo alipokumbuka uwanja ule ni wa nani.

“Asante kwa kufika, Maître,” Mukandori akamwambia.

Rugwiro aliagiza chai. Halafu alisikiliza, safu kwa safu, nani alichanga kiti gani na kwa mazishi ya nani, mpaka akasema inatosha. Jioni hiyo aliandika kwamba mali imerudishwa kwa wenyewe, ambao yeye mwenyewe aliwakuta wameikalia. Mwongozo wa sekta ulifika baadaye, nao ulishauri suala litatuliwe kwa maelewano. Gharama ya gari lililopeleka viti na kuvirudisha iliongezwa kwenye deni la Nasrine. Televisheni na kabati viliuzwa. Kwa deni lililobaki Nasrine alikwenda mwenyewe kwenye koperative, safari hii bila kikapu, akakubaliana nao kulipa kidogo kila mwezi.

Likabaki jambo moja, na Nasrine hakungoja liletwe. Kwenye kikao cha kundi alifika na kopo la rangi nyeupe na brashi, akasema jina lake lifutwe, liandikwe la mwingine, muhesha asije akakosea tena. Alilisema kwa utulivu, ingawa kila mmoja pale alijua ada ya Nyundo inatoka wapi.

Sibomana akaona ni busara. Akasema basi jina liwe la mtu asiyedaiwa na yeyote.

Alitajwa Mukandori, lakini mazishi ya mama yake yalikuwa ya mkopo. Alitajwa mwalimu, mshahara wake hupitia benki kwanza, na kwake hufika mabaki. Alitajwa Drocella. Alisema angependa kuomba mwongozo, kisha, alipoona watu wanamtazama, akasema mabati ya nyumba yake si yake bado. Mtu akamtaja Sibomana. Mzee alikohoa na kueleza kwamba pikipiki ya kijana wake ina mdhamini, na mdhamini ni yeye. Waliendelea hivyo, nyumba kwa nyumba, mpaka nyumba zikaisha.

Rangi haikupotea bure. Kwa kuwa jina la zamani lilikuwa limeanza kufifia, walilipaka upya.