Mkono wa Kushoto wa Koku

Jumapili hiyo mzee Rwegasira aliinuka katikati ya ibada, akaiitikia piano.

Aliiitikia kwa Kinyambo, lugha yetu, kwa sauti, jinsi wasikilizaji wanavyomwitikia mpiga enanga, ala yetu ya nyuzi. Nusu ya kanisa ikacheka kwa furaha. Nusu nyingine ikatoka nje.

Mimi nilibaki nimekaa. Naitwa Benjamin, ni tabibu, na aliyekuwa anapiga piano ni shemeji yangu Kokushubira, mdogo wake mke wangu Vero. Tunamwita Koku.

Piano yenyewe ilitoka kwa marafiki wa usharika wetu huko Ujerumani. Ilikaa miaka mingi kama kabati, juu yake maua ya plastiki. Koku aliporudi kutoka Arusha alikosomea muziki, akayaondoa maua.

Mwanzoni alipiga vizuri na hakuna aliyemzungumzia. Vipande vya Wazungu wa kale, visivyo na maneno. Watu walisikiliza kwa adabu huku wakiwaza chakula walichoacha jikoni.

Halafu akabadilika.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Vero kwa simu. Nilikuwa masomoni Dodoma.

Koku alianza kupiga taratibu mno. Kila akifika kwenye sauti nzito za kushoto, ananyamaza, kanisa zima linabana pumzi. Anainama upande kama mtu anayeanguka, anaurusha mkono wote, ndipo sauti inatoka. Akimaliza anaunyanyua mkono ule juu, anaukung'uta, macho kayafumba.

Hapo vita vikaanza.

"Huyu binti anapiga piano au anafukuza nzi?" aliuliza mzee Nolasco, mzee wa usharika.

"Nolasco, masikio yako yamezoea tarumbeta tu," Rwegasira akamjibu. "Hiyo ni enanga. Rwegoshora amerudi."

Rwegoshora alikuwa babu yake Koku, baba wa mama mkwe wangu Sperancia. Enanga ni gogo lililochongwa na kufungwa nyuzi, na wazee wanasema hakuna aliyelipiga kama yeye. Kabla ya uzi mzito alinyamaza, ili watu wamwitikie. Aliinama vilevile. Alifariki Koku akiwa bado anabebwa mgongoni.

Basi, watu wakaanza kuja na bodaboda kutoka Nyakatuntu kumsikiliza mjukuu. Video zikazunguka WhatsApp. Mmoja anaandika, "Nimelia." Mwingine anaandika, "Anajishaua tu." Wa tatu, "Mapepo ya ukoo hayo, muombeeni." Nolasco akasema kwenye baraza kwamba kanisa si kilabu cha pombe ya rubisi.

Mama mkwe hakubishana na yeyote. Kila Jumapili alikaa benchi la mbele, akalia kimyakimya.

Sasa turudi siku ile watu walipotoka nje. Ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi. Baada ya ibada tulienda kula kwa mama mkwe. Nikapita jikoni kunawa, nikamkuta Koku anamenya ndizi.

Alikuwa ameibana ndizi magotini.

"Shemeji, ndivyo mlivyofundishwa Arusha?" nikamtania.

"Kila mtu na staili yake." Akacheka, lakini hakuniangalia.

Nikautazama mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja. Nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imebonyea. Nikaokota kipande cha jani kavu la mgomba, nikamwambia akibane kwa vidole hivyo viwili. Nikakivuta. Kikatoka chenyewe.

"Ulianguka lini?"



"Mwaka jana, na bodaboda, njia ya Nyakakika. Kiwiko kilivimba, nikakandwa, kikapona."

Hakikupona. Nyuma ya kiwiko unapita mshipa wa fahamu unaoendesha vidole vya mwisho, na mfupa ulioungana vibaya ulikuwa unaubana polepole. Kwenye mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vinavyobonyeza sauti nzito.

Ule ukimya ambao watu waliugombania ulikuwa ni Koku akiuhamisha mkono wote ili kidole chenye nguvu kifanye kazi ya kile kilichokufa. Kule kuukung'uta, alikuwa anafukuza ganzi.

"Koku, simu si ipo? Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kusema, shemeji. Jumapili ya kwanza kidole kilipogoma nilijua nimeharibu. Nikaenda kumwomba mama radhi, nikamkuta analia. Akanishika mikono, akaniita 'baba'. Ningemwambia nini?"

Akaendelea kumenya.

"Na sifa nazo. Mimi si malaika."

Tulimpeleka Mwanza akafanyiwa upasuaji. Daktari alinieleza bila kuzunguka: angekuja mapema, vidole vingerudi. Ganzi ilipungua. Vidole havikurudi.

Nolasco aliposikia alileta mkungu wa ndizi, akakaa sebuleni muda mrefu, akaaga. Rwegasira hadi leo anasema madaktari hawajui enanga.

Akabaki mama mkwe. Koku aliniomba nimwambie mimi.

Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Nilikaa karibu na mlango, macho kwenye viatu vyangu, nikamweleza kiwiko, mshipa na vidole. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo, mwanangu, siku zile zote baba hakuwepo?"

Vero alikuwa amenisihi nilainishe. Sikuona pa kulainisha.

"Hakuwepo, mama. Alikuwepo Koku, anaumwa."



"Na mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote," akasema.

Usharika mzima ulibishana karibu mwaka kuhusu mkono mmoja. Wengine waliuita enanga, wengine pepo, wengine maringo, na kila upande ulikuwa na hoja zake. Hakuna aliyemwomba Koku auone.

Mtu akifanya jambo kwa namna usiyoizoea, usiharakishe kumpigia makofi wala kutoka nje. Msogelee kwanza umuulize kama anaumwa. Swali hilo halichukui hata nusu ya muda tunaotumia kubishana juu yake.