Nilidai Kadi Yangu Mbele ya Watu

Jamani, ogopeni fundi anayekurudishia kitu kizuri kuliko ulichompelekea.

Mnajua kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Kadi ya grafiksi ya kompyuta yangu ni ile ya bei rahisi, kila saa inakwama. Chacha, fundi wa hapa Tarime mjini, akaniambia atabandua rizista chache, vile vidude vidogo vya kupunguza umeme, achomee nyingine, ifanye kazi kama ile ya bei kali.

Sawa. Ila mimi ni mtoto wa Nyanungu. Kwetu ng'ombe hatoki zizini bila alama sikioni.

Kabla ya kumwachia kompyuta, nikaikwaruza kadi pembeni kwa msumari.

Leo nimeifuata. Akawasha, video ikapita kama maji.

Kama maji! Hapo ndipo roho ilipokataa.

Nikafungua kompyuta, nikaigeuza kadi. Alama hakuna.

"Mura, kijana wewe, umenibadilishia! Nataka yangu, sasa hivi, mbele ya watu!"

Wauza viatu wa jirani wakasogea.

Chacha akavuta droo, akatoa kadi yenye alama yangu. Nyeusi, imeungua.

"Iliungua nikiichomea. Nikaona aibu, nikakuwekea ya kwangu, ile yenyewe ya bei kali."

Nikacheka kidogo. "Basi, mura, yaishe."

Akaichomoa yake taratibu.

"Si umesema unataka yako?"

Wauza viatu wakaitikia: "Amesema!"

Sasa niko nyumbani na kadi yangu, chumba kizima kinanuka plastiki iliyoungua, na bwana harusi anapiga simu akitaka video yake.

Lakini semeni ukweli. Nyie mngenyamaza?