Vidonge vya malaria nilivyomkataza wifi

Leo nimedanganya bila kufungua mdomo.

Wifi yangu, mke wa kaka, amelazwa hospitalini hapa Edgbaston, Birmingham. Malaria. Juzi juzi tu tulikuwa naye harusini Malawi.

Kabla ya safari alitaka kununua vidonge vya kuzuia malaria. Nikamcheka: "Wifi, sisi tumekulia Kisumu! Hivyo ni vya wazungu."

Kumbe miaka kumi Birmingham imetumalizia kinga yote ya utotoni. Daktari ndiye kasema. Kisha akamuuliza, "Hakuna aliyekushauri umeze dawa?"

Jamani. Mimi hapo nimeshika thermos ya uji, naangalia sakafu.

Wifi akanitazama, kisha akamjibu:

"Nilisahau tu, daktari."

Nikafungua thermos, nikammiminia uji.

Nishaurini, tafadhali. Jioni kaka anakuja kumwona, na atauliza swali lile lile.