Umri wa Mtoto wa Jirani

Sikatai, nina hasira za karibu. Mume wangu husema nikiwaka hata kuku wanahama. Lakini hili ninaloliandika halikuwa la hasira tu, lilikuwa ubaya, na naomba lisomwe hivyo.

Nilikuwa nauza mchele sokoni Majimoto, kama ninavyouza hadi leo. Vijana wawili wa hapahapa waliniibia simu nikimpimia mteja. Wakakamatwa kabla ya jioni. Mmoja alikuwa mtoto wa jirani yangu, mwanamke niliyelala naye kitanda kimoja kituo cha afya tulipojifungua. Yeye alipata wa kiume, kesho yake mimi nikapata binti. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na sita. Hesabu hiyo haihitaji chuo.

Afisa ustawi wa jamii akaja na pikipiki, kijana mpole, vumbi tupu. Akanieleza kwamba siku hizi aliye chini ya miaka kumi na minane ana mahakama yake. Anaweza kurudishwa nyumbani, akafuatiliwa, akafundishwa kazi.

"Ndiyo maana wezi hawaishi!" nikamfokea. "Nyie mnawabembeleza, sisi tunaibiwa."

Hakubishana. Akasema kadi ya kliniki ya kijana mmoja imepatikana, ila ya mtoto wa jirani ililiwa na mchwa. Mama mtu akiutaja umri peke yake, wataona anamtetea mwanawe. Ndiyo maana amenitaja mimi.

Huku kwetu kijana akishabeba gunia la mpunga peke yake kutoka shambani hadi barabarani, tunasema ni mtu mzima. Ni maneno ya kila siku. Nikayashika hayohayo.

"Huyo mtu mzima," nikasema. "Anabeba gunia."

"Kwa hiyo kumi na nane amefika, mama?"

"Amefika na kupitiliza."

Akaandika.

Mtoto wa jirani akafungwa gereza moja na watu wazima. Alipotoka alikuwa hamwangalii mtu usoni, na haukupita muda akawa na kundi la kuwakata bodaboda mapanga njia ya Mpanda. Sasa yuko ndani tena, na safari hii si kwa ajili ya simu. Yule mwenzake mwenye kadi alifuatiliwa na ustawi, akapelekwa kwa fundi. Leo anaziba pancha mbele ya kibanda changu, na simu yangu namwachia yeye aniwekee chaji. Jamani! Si waliiba pamoja? Watu sokoni wanasema yule wa jirani alizaliwa mwizi. Mimi nipo, nasikia, nanyamaza. Najiona mchafu.

Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwa mama yake, nikamkuta anapepeta mchele uani. Nikamwambia, mama mwenzangu, nilidanganya. Umri wa mwanao niliujua, nikausema uongo kwa sababu ya simu. Nilitegemea anipige, au alie. Hata ungo hakuuweka chini.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Kesi iliahirishwa mara mbili. Mara zote mbili nilikuja kwako kukuambia tarehe ya kurudi mahakamani. Ulifikiri nimekuja kukusalimia?"